Namba Tatu Imepooza

Mtu akiingia ukumbi wa mashine mara ya kwanza hudhani ameingia chumba cha maiti. Mimi nimefanya kazi kote kuwili, kwa hiyo nasema ninachokijua. Baridi ni ileile, ila maiti hawana kelele. Seva, yaani kompyuta zinazotunza data za watu, zina feni, kila seva na feni zake, na zote zinavuma kwa pamoja saa zote, mpaka ukitoka nje unaona kama dunia imezibwa mdomo.

Katika maisha yangu nimepoza samaki, nimepoza maua ya kusafirishwa kwa ndege, nyama, chanjo za watoto, na hao maiti niliowataja. Shule niliiokota vipandevipande: darasa la kwanza mji huu, la tatu mji ule, la pili sikumbuki kama niliwahi kuliona. Ufundi wa kupoza nilijifunza kwa kushikashika. Nilipofika ukumbi wa mashine nilikuwa nimeshazeeka, na wenzangu wakanipa jina la Barafu. Sikukataa. Nimewahi kuitwa mabaya zaidi.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Makabati ya chuma yamejaa seva, yamepangwa safu kwa safu, uso kwa uso, mgongo kwa mgongo. Kati ya nyuso kuna uchochoro baridi. Kati ya migongo kuna uchochoro moto. Hewa baridi inapanda kutoka chini ya sakafu kupitia vigae vyenye matundu, seva zinaivuta kwa mbele na kuitema kwa nyuma ikiwa moto kama ya mdomo wa tanuri, halafu mashine zetu za kupoza zinaifyonza juu na kuirudisha chini. Sisi tuko pale ili hewa hizo mbili zisikutane. Kijipengo kidogo tu kati ya seva na seva, kikikosa kibao cha kuziba, hewa moto inapenya ikaja mbele na kabati zima linaanza kuchemka.

"Wake wenza hao," fundi waya alipenda kuwaambia wageni. "Kila mmoja na mlango wake. Wakikutana uani tu, nyumba haikaliki."

Fundi waya nilikuwa naye zamu moja. Mwanamume mfupi, maneno mengi, anajua kila waya ulikotoka na unakokwenda. Akikosa cha kucheka alijicheka mwenyewe.

Mashine za kupoza zilikuwa nne, zinazohitajika tatu. Ya nne ni akiba. Mle ndani kila kitu kina akiba: umeme una akiba, jenereta ina akiba, hata ufunguo wa choo una akiba. Na palikuwa na daftari la zamu, ambalo kila baada ya saa mbili tunaandika humo hali ya kila mashine. Ukumbi ulipofunguliwa, mtu wa kwanza kuandika ndani ya daftari hilo nilikuwa mimi. Niliandika: Namba moja imepooza. Namba mbili imepooza. Maana yangu ilikuwa kwamba mashine imepoza, upande wake uko baridi, hakuna shida.

Fundi waya akasoma, akanitazama. "Barafu, umeweka o mbili."

"Moja ya akiba," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashikilia kabati. Kuanzia siku hiyo naye akaandika hivyohivyo, wa zamu nyingine wakaiga, na msimamizi wetu, ambaye si mtu wa kucheka, akaiona mara nyingi hadi na yeye akawa anaiandika bila kufikiri. Ikaenda hivyo miaka minne. Kwa mdomo tulisema sawasawa kama watu wote. Kwenye maandishi, imepooza ilikuwa habari njema. Ukiiona unafunga daftari, unakwenda kunywa chai.

Simu haziruhusiwi ndani ya ukumbi. Tunaziacha kwenye sanduku la mbao mlangoni, zimelala kifudifudi kama viatu vya watu waliokwenda mahali. Jumamosi moja, wakati wa chai, nikatoa yangu nikakuta dada amepiga mara tatu. Dada yangu ndiye mkubwa, na kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu. Nikampigia.

"Uko wapi?" Hiyo ndiyo salamu yake kwangu tangu zamani.

"Shikamoo, dada. Niko kazini."

"Marahaba. Kazini mwaka huu ni wapi?"

"Palepale, kwenye kompyuta."

"Hawajakuchoka?"

"Wanajitahidi."

"Nina homa," akasema. "Siku ya tatu leo. Usianze kujipanga kwa msiba, si ya kunizika. Lakini nina neno nataka kukwambia."

"Sema, nakusikiliza."

"Si la simu hilo. La uso kwa uso. Njoo."

"Nakuja Jumatatu. Nimeshaaga kazini."

"Jumatatu ya mwaka gani?"

"Keshokutwa, dada."

Nilisikia akikohoa, na mpwa wangu, binti yake anayeishi naye, akimwambia arudi alale. "Haya," akasema dada. "Nitakuwekea."

Neno lenyewe nilidhani nalijua. Mama yetu aliugua miezi minane, na miezi yote minane dada alimgeuza, alimwogesha na kumlisha peke yake, kisha akamzika. Barua ilinifikia. Nilikuwa kwenye meli ya samaki, fundi wa chumba cha baridi, na nikajibu kwamba nakuja tukishusha mzigo. Tukashusha mzigo, tukapakia mwingine. Nilirudi baada ya mwaka na miezi miwili, sanduku mkononi, na ndani yake kitambaa cha zawadi ya mama. Dada akakipokea kile kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya kabati. "Tutaongea," akasema.

Hatukuongea. Imepita miaka ishirini na mbili. Kila nikienda kwake nakaa siku mbili, naanza kutazama mlango, naaga. Radhi yake sikuwahi kuiomba, naye hakuwahi kunipa, na mama ndiyo hivyo tena. Kwa hiyo aliposema ana neno, nilitaka kwenda kulisikia. Kama ni radhi, kama ni kunitapikia nyongo yote ya miaka hiyo, nilitaka nilisikie kwa mdomo wake. Safari zangu nyingine zote nilizipenda kwa sababu ya kule ninakotoka. Hii niliitaka kwa sababu ya ninakokwenda.

Jumapili namba moja ikavunjika feni. Tukaizima, tukaifungua tumbo, tukaagiza feni nyingine. Akiba yetu ikawa imeshaliwa. Jumatatu asubuhi, begi langu liko tayari chini ya meza ya msimamizi, namba tatu ikaanza kupumua vibaya. Kompresa ikizunguka bila gesi ya kutosha ina sauti yake, kama mzee anayepanda ngazi na hataki watu wajue amechoka. Gesi ilikuwa inavuja mahali. Nje jua lilikuwa limeshakuwa kali. Zikibaki mashine mbili, ukumbi ule unafikisha nyuzi arobaini kabla hujamaliza kikombe cha chai, halafu seva zinaanza kujizima zenyewe, moja baada ya nyingine.

Msimamizi akanishika bega. "Mzee wangu, nipe siku mbili tatu."

"Dada yangu mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Homa."

"Homa!" Akaonyesha namba tatu kwa kidevu. "Na huyu je?"

Nikamwambia niulize kwanza. Nikaenda kwenye sanduku, nikamwandikia mpwa wangu: Homa ya mama imepooza? Nikarudi ndani. Saa nne nikatoka tena nikakuta jibu. Mjomba, mama amepooza tangu alfajiri. Tunakusubiri.

Nilisimama pale mlangoni nikausoma ule ujumbe mara moja tu. Homa nyingi hushuka alfajiri. Jasho linamtoka mgonjwa, anaomba maji, nyumba nzima inapata usingizi. Nikajibu: Afadhali. Habari njema sana. Mungu mkubwa. Muacheni apumzike msimchoshe. Nakuja mashine zikikaa sawa.

"Vipi?" akauliza msimamizi.

"Imeshuka. Tangu alfajiri."

"Si nilikwambia?"

Nikalisukuma begi ndani zaidi chini ya meza.

Siku tatu nilimuuguza namba tatu. Nilimpaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, nikapiga magoti na tochi kutazama povu litachezea wapi. Lilichezea kiungo cha kumi na moja, nyuma kabisa, mahali ambapo mkono unapita kwa kuombewa. Nikakiziba, nikaongeza gesi kidogo kidogo, nikikaa na kusikiliza. Nilimsugua mapezi, yale mabati membamba ya kupitishia hewa, kwa brashi laini ya nguo. Nilimfuta maji yaliyokuwa yanamwagika chini yake, maana mfereji wake ulikuwa umeziba, na nikauzibua kwa waya. Fundi waya alihamisha vigae vyenye matundu akavipeleka mbele ya makabati yenye moto zaidi, na palipokosa vibao vya kuziba tukakata maboksi tukaziba kwa gundi.

"Barafu," akaniambia, "huyo ukimaliza kumwogesha umvalishe."

"Mletee shuka."

"Na uji pia?"

"Uji hapana. Anakunywa gesi tu."

Nililala kwa mapande stoo, juu ya maboksi ya vichujio, nikiamka kila baada ya saa mbili kwenda kusoma kipimajoto na kuandika. Namba tatu imepooza. Namba tatu imepooza. Jumanne nilimpigia mpwa wangu, simu ikaita hadi ikakata. Nikasema wako shughulini. Jumatano sikupiga.

Alhamisi asubuhi nyuzi zilikuwa ishirini na tatu, zimetulia. Msimamizi akaniambia kesho niondoke na baraka zake zote. Saa tano akaja mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani na koti la sufu alilokuja nalo makusudi, ametumwa na wenye data kutazama tunavyowatunzia mali yao. Alizunguka vichochoro vyote, akaweka kiganja kwenye matundu ya vigae, akauliza maswali ya mtu anayejua. Nilimpenda. Kisha akaomba daftari.

Akasoma amesimama, kidole kikishuka na mistari. Kidole kikasimama.

"Jumatatu saa sita, namba tatu imepooza," akasoma kwa sauti. "Saa nane, imepooza. Saa kumi, imepooza. Jumanne, imepooza. Jumatano, imepooza." Akavua miwani. "Siku tatu mashine imepooza na hamkumwita mtu?"

Fundi waya alikuwa ameshaanza kutikisika mabega. "Mama mkaguzi, hapo maana yake iko vizuri."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa lugha ya humu ndani."

"Kupoza ni kukifanya kitu kiwe baridi," akasema mkaguzi, taratibu, kama mtu aliyewahi kuwa mwalimu kweli. "Kupooza ni viungo kufa. Mtu akipigwa na kiharusi, akalala upande mmoja hausogei, huyo amepooza. Nyie mmeniandikia kurasa tatu za kiharusi."

"Ile o ya pili ni ya akiba," akasema fundi waya, na hapo akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka machozi. Msimamizi akacheka, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mkaguzi mwenyewe akauma mdomo. Na mimi nilicheka, tena kinywa wazi, halafu kicheko kikaendelea kutoka kwa muda bila mimi kuwa nacho.

Nikaenda kwenye sanduku. Nikatoa simu, nikausoma ule ujumbe mara ya pili. Mjomba, mama amepooza tangu alfajiri. Chini yake ujumbe wangu. Afadhali. Habari njema sana. Mungu mkubwa.

Neno lile nilikuwa nalijua kwa masikio maisha yangu yote. Kule kwenye maiti nimewabeba waliokufa nalo. Kwa macho, likiwa limeandikwa, nilikuwa na la kwangu, la daftari.

Nilijisikiliza kama ninavyosikiliza kompresa, kama kuna kitu kinagonga. Hakuna kilichogonga. Nikarudisha simu sandukuni. Nikaenda kunawa mikono kwa sabuni, nikaifuta, nikarudi nikaangalia mfereji wa namba tatu. Maji yalikuwa yanapita. Baadaye nikagundua kwamba simu nimeiacha, nikaenda kuichukua tena.

"Naondoka," nikamwambia msimamizi.

"Sasa hivi? Si tumesema kesho? Mkaguzi hajatoka."

"Dada yangu amepooza."

Akatabasamu. Alikuwa na kicheko cha ziada ambacho hakijamwisha. "Sasa hiyo si ndiyo vizuri?"

"Kwa lugha ya nje," nikasema.

Tabasamu lilikaa usoni pake kwa muda, halijui pa kwenda. Fundi waya ndiye aliyeniletea begi hadi getini. Akaniwekea mkono begani.

Safari ilikuwa ya mabasi mawili, na sina la kuisimulia. Nilikaa dirishani. Nilikula mkate. Mtu wa kiti cha pili aliniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia kwa dada, akasema vizuri sana kutembeleana.

Ijumaa mchana nilibisha hodi. Mpwa wangu alifungua mlango akabaki ameushikilia, kama mtu anayemfungulia muuzaji. Ni mwanamke wa miaka arobaini, mshonaji, na sentimita yake ya kupimia ilikuwa shingoni.

"Shikamoo, mjomba." Hakunitazama.

"Marahaba. Poleni."

"Pole ya nini? Kwako si habari njema?"

"Mpwa wangu, nisikilize..."

"Nilimsomea!" Sauti ikampasuka, akaishusha haraka kwa sababu ya aliyelala ndani. "Masikio yake hayakuguswa, mjomba. Anasikia kila kitu. Simu ikalia, nikamwambia mama, mjomba amejibu, nikaanza kusoma kwa sauti kabla sijaona imeandikwa nini. Afadhali, nikasoma. Habari njema sana, nikasoma."

"Akafanyaje?"

"Alitoa sauti. Mpaka leo sijui ilikuwa ya nini."

Nikamweleza. Nilimweleza pale mlangoni, begi mkononi, habari za daftari na namba tatu na o ya akiba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilivyokuwa naieleza ndivyo ilivyozidi kuwa ndogo.

"Mtu mzima kama wewe," akasema, "huwezi kutofautisha mtu na friji?"

Swali lilikuwa zuri. Akapisha mlango.

Chumba cha dada kilikuwa na joto la kubana kifua. Nikiwa nimesimama tu mlangoni, kabla sijamtazama mgonjwa, nilikuwa nimeshaona kosa: feni iko juu ya kigoda, mgongo wake kwenye bati la ukuta linalopigwa na jua, inavuta moto wa ukutani na kumpulizia. Dirisha limefungwa, pazia nzito. Nikaweka begi chini, nikaihamisha feni hadi kwenye mlango wa sebuleni penye ubaridi, nikafungua dirisha la upande wa pili kiasi cha viganja viwili ili hewa moto ipate pa kutokea. Nikasimama kungoja. Baada ya dakika chache pazia likaanza kuvutwa kwenda nje.

"Ndicho ulichokuja kufanya?" akauliza mpwa wangu nyuma yangu.

"Hapana."

"Basi." Lakini feni hakuirudisha. Akajifuta shingo. "Mjomba, kuna jambo ulijue kabla hujaongea naye. Maneno yamempotea. Limebaki moja tu. Daktari anasema huwa inatokea, linabaki moja na mtu anajibia kila kitu. Usimlazimishe."

"Limebaki lipi?"

"Utalisikia."

Nikavuta kiti. Dada alikuwa amelala chali, upande wa kulia umewekwa juu ya mto kama mzigo wa mtu mwingine. Mdomo umevutwa. Macho yalikuwa yake yaleyale, na yalikuwa yamenitazama tangu nilipokuwa nahangaika na feni.

"Shikamoo, dada."

"Bado," akasema.

Lilitoka safi, halina kigugumizi, kwa sauti yake ya siku zote.

"Umekula?"

"Bado."

"Amekula sasa hivi," akasema mpwa wangu. "Bakuli zima."

"Unasikia maumivu?"

"Bado."

Mpwa wangu akatoka, nikasikia cherehani ikianza chumba cha pili. Nilibaki na dada. Nikamweleza na yeye habari ya ule ujumbe, kwa kifupi kuliko nilivyomweleza binti yake. Nikamwambia nilisoma nikadhani homa imeshuka. Nikamwambia nilibaki siku tatu namfuta maji mashine. Alinitazama tu. Kona ya mdomo upande ulio mzima ikasogea. Inawezekana alikuwa anacheka. Inawezekana ni mate.

"Ulisema una neno la kunipa," nikasema. "Ulisema utaniwekea."

"Bado."

Cherehani ilisimama, ikaendelea. Nikasogeza kiti hadi magoti yakagusa kitanda.

"Dada, habari ya mama. Barua niliipata mapema. Ningeweza kushuka meli. Hakuna aliyenizuia." Hayo sikuwahi kuyasema, na nilingoja nione yatanifanya nini. Yalitoka kama namsomea kipimajoto. "Niwie radhi. Umeshaniwia radhi?"

"Bado," akasema dada.

Nilikaa nalo. Nikaligeuza huku na huku. Lingeweza kuwa jibu kamili la mtu mwenye akili zake, aliyengoja miaka ishirini na mbili nimuulize. Lingeweza kuwa pumzi tu imepita mahali ilipozoea kupita. Nikatafuta njia ya kulipima. Mimi ni fundi, kitu nisichokielewa nakipima.

"Una hasira na mimi?"

"Bado."

"Jina langu unalikumbuka?"

"Bado."

"Mimi ni mbwa?"

"Bado."

Hapo kona ya mdomo ilisogea tena, na mkono wa kushoto, ulio mzima, ukavuta shuka kidogo. Nikautazama ule mkono muda mrefu. Haukufanya kingine.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa msimamizi. Nikaipokea palepale.

"Mzee wangu, pole sana. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupo."

"Mungu amsaidie. Sikiliza, feni ya namba moja imefika. Jamaa hapa wanashindwa kuifunga, wanasema mkono wako ndio unaoijua. Na hiki kiungo cha namba tatu sikiamini. Lipo basi la saa kumi, ukilipata kesho mchana uko hapa. Ukishaifunga unarudi, nakuapia."

Niliitazama saa. Ilikuwa saa tisa na robo. Begi lilikuwa palepale nilipoliweka, sijalifungua, na miguu yangu, nasema kweli, ilikuwa imeshaelekea upande wa mlango bila kuniuliza. Ndivyo ilivyo. Siku zote inaanza yenyewe.

"Subiri usikate," nikamwambia msimamizi. Nikaishusha simu kifuani. Mimi naaga, siombi ruhusa. Sijawahi kumwuliza mtu swali hili, si mama, si nahodha.

"Dada, niende?"

Alinitazama. Pazia lilivutwa nje, likarudi.

"Bado," akasema.

Nikamwambia msimamizi wamtafute fundi mwingine. Alikuwa anaendelea kuongea nilipoizima. Kisha nikainama, nikafungua kamba za viatu, nikavivua, nikavisukuma chini ya kitanda.